Kamba ya Shangazi

Niliacha shule mapema kwa sababu nilitaka kujua treni inakokwenda. Mwingereza alikuwa bado anatawala. Nikaishia Kintinku, nikabeba magunia stesheni, kisha nikaanza kushinda barazani kwa fundi mmoja aliyewashonea kaptula wafanyakazi wa reli. Kilichonivuta ni cherehani. Nilitaka kuona uzi wa chini unakutana vipi na wa juu. Fundi alinikuta nimeifungua yote juu ya gunia.

"Ukiirudisha ilivyokuwa, nitakufundisha," alisema. "Ukishindwa, kimbia kabla sijasimama."

Nikairudisha.

Baadaye miguu ikaniwasha tena, nikafika Sepuka na cherehani ya mkono kichwani. Mama mmoja wa kanisani akaniuliza kama naweza kubuni gauni la arusi la binti yake. Nikamjibu kwamba nimewashonea maharusi wengi hata nimesahau idadi. Ukweli ni kwamba sikuwahi kumshonea hata mmoja.

Katika nyumba ile mwanamume hakuruhusiwa kumpima binti. Shangazi yake ndiye aliyempima kwa kamba, akaniletea ikiwa na mafundo matatu: la kwanza kiuno, la pili kifua, la tatu urefu. Nilipoinyoosha nikaona kiuno cha mtu mwenye wajukuu. Binti mwenyewe nilikuwa nimemwona akipita na mtungi, mwembamba kama bua la mtama. Nilitaka kuuliza. Lakini fundi wa maharusi wasiohesabika anaulizaje habari za kiuno?

Kabla ya kukata nilisema Bismillahi. Mama, aliyesimama karibu kukilinda kitambaa chake, akasema, "Kwa jina la Yesu, amina." Nikaona kimelindwa pande zote mbili, nikakata.

Siku moja kabla ya arusi, asubuhi, binti alilivaa gauni ndani, akatoka uani amekamata kitambaa kwa mikono miwili kisimwanguke. Shangazi akamzunguka.

"Fundi, humu ataingia bibi arusi na bwana arusi, na mchungaji akiona baridi."

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

"Marahaba. Na gauni?"

"Ulimpima amevaa nini?"

"Blanketi. Huo upepo wa Julai huujui? Ulitaka nimvue mtoto aumwe kifua?"

Mama hakucheka. Kitambaa kile kilitoka Singida mjini na hakukuwa na kingine. Kikiharibika, binti yake angefunga ndoa na kaniki ya kila siku. Alinitazama tu, na mtazamo ule ukanishinda.

"Mama, sijawahi kushona gauni la arusi. Nimeshona kaptula."

Binti, mikono bado imekamata kitambaa, akasema, "Basi nashukuru, fundi. Kaptula ningeingiaje nayo kanisani?"

Shangazi alicheka mpaka akaketi chini. Mama naye akacheka, akijifuta macho kwa ncha ya khanga.

Kicheko kile kilinifungua macho. Karibu na kihenge palikuwa na gunia la mtama lililofungwa mdomo, na chini ya kamba kitambaa kilijikunja mikunjo mizuri, iliyolingana, ambayo hakuna aliyeipanga. Nikachukua kamba ileile ya mafundo, nikaipitisha kiunoni mwa gauni, nikampa shangazi avute polepole, binti aseme basi.

"Bado. Bado. Hapo! Acha nafasi ya wali."

Nikaishona mikunjo kwa mkono, kiunoni na kifuani, mpaka jua likaelekea magharibi.

Kesho yake, walipotoka kanisani, upepo uliyajaza yale marinda, na wanawake wakasahau kupiga vigelegele, wakitazama gauni. Mimi nilikuwa nje, karibu na ukuta. Nikasema Alhamdulillahi. Kila nilipoanza kazi nilikuwa nikimwomba Mungu nisigundulike. Siku ile nilimshukuru kwa kugundulika.

Wiki haikuisha, mama wengine wakaanza kuja na kamba zao. Nilikaa Sepuka mavuno mawili, na kwa mtu kama mimi huo ni umri. Kila aliyekuja nilimuuliza kwanza mtoto alipimwa amevaa nini. Akisitasita, shangazi, aliyekuwa amejipa kiti barazani kwangu, alimjibia:

"Rudi nyumbani, mwanangu. Blanketi weka kando, upime upya."