Taulo la Bonge

Kwa wiki tatu nzima, mtoto wa wifi yangu alilia kila alipofunikwa taulo lake.

Si maji. Majini alitulia, anarusha miguu, anashangaa povu. Si njaa wala tumbo. Ila ukimtoa kwenye beseni, ukamfunika lile taulo na kumvalisha kofia yake kichwani, basi. Kilio cha kukatisha pumzi.

Mfunike shuka kuukuu, ananyamaza.

Majirani wakaanza kunong'ona. Eti taulo lile lina mkono wa mtu.

Hawakukosea sana. Taulo lile nililishona mimi.

Kaeni vizuri niwasimulie, na kabla hamjanihurumia, subirini nifike mwisho.

Mimi ni fundi cherehani. Kabla ya kufungua kazi yangu nyumbani, nilifanya miaka sita kwenye kiwanda cha nguo. Pale kulikuwa na sheria moja ambayo hata meneja hakuthubutu kuichezea. Sindano ikikatika, unanyoosha mkono, unazima mashine. Hakuna nguo inayotoka mezani mpaka vipande vyote vya sindano vipatikane. Vinabandikwa kwa selotepu kwenye daftari, unaandika tarehe na kazi uliyokuwa unaishona. Kikikosekana kipande hata kidogo, kazi inafumuliwa yote.

Nimemwona msimamizi wetu, mtu mzima na tumbo lake, anatambaa chini ya meza na sumaku.

Nilipoacha kiwanda niliondoka na vitu viwili: maumivu ya mgongo na tabia ya daftari. Hadi wakati ule ilikuwa imetimia miaka kumi na mmoja. Kila sindano iliyonikatikia ilikuwemo mle, vipande vyake vyote, na karatasi haikuwa imechanwa hata moja.

"Watu wana albamu za harusi," mume wangu alikuwa akinitania. "Mke wangu ana albamu ya sindano."

Sasa, kuhusu mama mkwe.

Tuliishi naye uwanja mmoja. Mimi na wifi tulimwita Kipaza, maana akinong'ona yeye, mtaa wa pili wanaitikia. Miaka saba ya ndoa yangu sikuwa nimepata mtoto, na Kipaza hakuacha siku ipite bila kunikumbusha. Hajawahi kuniita mwanangu. Aliniita "wewe fundi", kama mtu aliyekuja kuchukua suruali yake.

Wifi alikuwa kinyume chake kabisa. Nikilia, alikuja kukaa chini ya meza yangu ya kukatia, tunakula karanga, tunamsengenya mama yake mpaka machozi yanakuwa ya kicheko. Alipojifungua dume la kilo nne na nusu, nikalipa jina la Bonge, na jina likashika.

"Wifi," akaniambia kitandani pale pale, "mwanangu huyu atakuita mama mkubwa. Na nataka unishonee taulo lenye kofia, kama yale ya kwenye simu."

Weee! Nilishona taulo lile kama namshonea mfalme.

Nilinunua taulo zito la pamba, nikalifua mara mbili kwanza ili lisinyae kabisa, lisije likasinyaa kwenye kichwa cha mtoto. Nikakata mraba, nikazikata kona zake ziwe za mviringo. Kwenye kona moja nikaweka pembetatu ya kofia, ndani nimeitia kitambaa laini. Pindo lote nikalizungushia utepe. Mwisho, kwenye kofia, nikatarizi jani dogo la uzi wa kijani. Ndiyo alama yangu, kila kazi yangu inayo.

Nikalikunja, nikaliweka juu ya cherehani. Kesho yake, Jumamosi, nikatoka kununua nyuzi.

Kurudi, nakuta mama mkwe amekaa kwenye kiti changu.

Taulo liko mapajani. Jani langu halipo. Amelifumua, na mahali pake amebandika ua la satini nyekundu, limeshonwa kombo kama meno ya mlevi.

"Mama, taulo umelifanya nini?"

"Nimelirekebisha. Wewe fundi, mkono mkavu hautii alama kwenye nguo ya mjukuu wangu. Unataka kumwachia mkosi wako?"

Nikaokota sakafuni nyuzi zangu za kijani.

Akainuka, akafika mlangoni, akasita. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, akaniuliza kitu kwa sauti ya chini.

"Sindano yako imekatika. Ilifika pale penye kofia ikagoma, nikakanyaga. Ina neno?"

Nikatazama mashine. Kipande cha juu kiko kwenye kishikio chake. Cha kati kiko chini ya mguu wa cherehani. Ncha haipo.

Nikapapasa meza. Nikapiga magoti, nikapitisha sumaku sakafuni kote. Hakuna. Pale kwenye kofia kuna tabaka mbili za taulo, utepe, kitambaa na satini. Mahali hapo fundi hakanyagi, anazungusha gurudumu kwa mkono, taratibu. Nilijua ncha ile iko wapi. Nilijua kama ninavyojua jina langu.

Kipaza bado amesimama mlangoni, ananisubiri.

"Haina neno, mama," nikasema. "Sindano ni chuma tu, hukatika."

Akashusha pumzi, akaondoka na taulo lake.

Nitawaambia nilichojiambia wakati ule. Nilijiambia ncha itamchoma yeye kidole akiwa anamkausha mtoto, aumbuke mbele za watu. Nilijiambia lazima mtu ataiona kabla. Maneno ya kujifariji hayo. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira, na katika hasira ile mtoto hakuwemo kabisa. Nilimsahau Bonge, mwenye taulo.

Halafu nikafanya jambo la ajabu. Nikachukua daftari, nikabandika vile vipande viwili, nikaandika chini yake: *Jumamosi. Sindano namba kumi na sita. Kazi: taulo la Bonge. Ameshona mama. Ncha haijaonekana.*

Mkono ulifanya wenyewe, kwa mazoea.

Jumapili ikawa siku ya kumtazama mtoto. Nyumba ya wifi ilijaa, viti vimeazimwa hadi kwa jirani wa tatu. Kipaza akalikunjua taulo, akalinyanyua juu.

"Nimelishona kwa mikono yangu hii!" Mtaa mzima ukasikia. "Huyu fundi wetu amenitazama tu. Hata uzi hakutunga!"

Watu wakapiga makofi, simu zikatoka, picha zikapigwa. Wifi akanikonyeza, maana alijua kazi ya mama yake pale ni lile ua la kombo tu.

Na mimi nikapiga makofi. Makubwa kuliko ya watu wote.

Kilio kikaanza jioni ya Jumatatu.

Wiki ya kwanza wakasema ni baridi ya kutoka majini. Wiki ya pili wakabadilisha sabuni. Nilikwenda pale karibu kila siku. Mara mbili lile taulo lilikuwa kwenye kamba, mkono wangu umbali wa hatua moja. Ningeweza kulichukua nikasema nakwenda kukaza uzi. Nililitazama, nikaenda zangu.

Kwa nini? Kwa sababu Kipaza alishatangaza mtaani kwamba Bonge analia tangu nilipombeba mimi.

"Asimguse tena," alimwambia wifi mbele yangu. "Wasiozaa wana macho."

"Mama, acha ujinga wako," wifi akasema, akaniwekea mtoto mikononi.

Nilimbeba Bonge akiwa na joto la taulo bado. Nyuma ya sikio lake la kushoto niliona alama nyekundu, kama ya kuumwa na mdudu. Niliiona kwa macho yangu haya, nikamrudisha kwa mama yake.

Wiki ya tatu alama ikawa jipu. Homa ikapanda, wakakimbizwa hospitali.

Tulikaa kwenye benchi la korido, familia nzima. Daktari akatoka na kipande cha pamba mkononi. Juu yake kuna kitu chembamba, kirefu kama nusu ya punje ya mchele, kinang'aa.

"Hiki kimetoka nyuma ya sikio la mtoto," akasema. "Kimekaa siku kadhaa. Nani ananiambia ni nini?"

Baba Bonge alikuwa amekuja na mfuko wa nguo, taulo limo ndani. Akalitoa, akaligeuza kofia, akapitisha kidole kwenye mshono wa ua jekundu. Palikuwa na tundu dogo, limezungukwa na vidoa vya kahawia.

Wifi akamgeukia mama yake. Polepole sana.

"Mama. Si ulilishona wewe?"

Kipaza akaninyooshea kidole.

"Nilimuuliza! Sindano ilikatika, nikamuuliza huyu hapa, akaniambia haina neno! Muulizeni!"

"Ulituambia fundi hakutunga hata uzi," baba Bonge akasema.

"Hilo nilidanganya! Lakini hili ni kweli, naapa, mwanangu, hili ni kweli!"

Mume wangu akanitazama. "Alikuuliza?"

Jamani, nilikuwa na nafasi pale. Neno moja tu lilitosha. Ndani mtoto alikuwa analia kwa sauti iliyokauka.

"Mimi?" nikasema, na machozi yakaja yenyewe, mazuri kabisa. "Mnanijua mimi na sindano. Mnalijua daftari langu. Mimi ningeacha kazi itoke na ncha ndani, tena kazi ya Bonge?"

Hakuna aliyeomba kuliona daftari. Kila mtu alikuwa ameshaamini. Kipaza alikuwa amedanganya miaka mingi kwa sauti kubwa, na siku aliyosema kweli hakupata hata mtu mmoja wa kumsikiliza.

Wifi hakupiga kelele. "Mama, usikanyage kwangu tena," akasema, akaingia ndani kwa mwanawe.

Bonge alipona. Sikio la kushoto halisikii vizuri mpaka leo, na nyuma yake pana kovu lisiloota nywele.

Kipaza akazimika. Alikuwa anakwenda kusimama nje ya geti la wifi na mfuko wa machungwa, anasimama saa nzima, anarudi nao. Akipita mbele ya dirisha langu hasemi kitu. Siku moja alisimama, akanitazama nikiwa nashona.

"Unajua nilikuuliza," akasema. Kwa upole tu.

Nikaendelea kukanyaga cherehani mpaka akaondoka.

Nitasema ukweli kwa kuwa nimeamua kusema yote: nilifurahi. Miezi mitano nilikuwa malkia. Wifi alinipenda maradufu, Bonge akalala kifuani kwangu, na mle ndani hakuna aliyeniita mkavu. Wifi akaniomba nimfundishe kushona. Nikamfundisha vizuri, kuanzia sheria ya kwanza: sindano ikikatika, simamisha kazi, tafuta vipande, bandika kwenye daftari.

Ile karatasi? Niliifikiria mara nyingi. Niliwahi kuishika kabisa kwa vidole viwili niichane. Sikuweza. Miaka kumi na mmoja bila karatasi kuchanwa, ndiyo sifa pekee niliyokuwa nayo duniani, na nikaionea huruma sifa yangu kuliko nilivyomwonea mtoto. Na nani angelifungua daftari langu?

Siku moja nilimwacha wifi anashona foronya, nikatoka kwenda kununua zipu. Niliporudi, cherehani ilikuwa kimya. Bonge amelala mkekani. Wifi amekaa kwenye kiti changu, na daftari liko mapajani, pale pale lilipokuwa taulo.

"Sindano ilinikatikia," akasema bila kuinua uso. "Nikafanya ulivyonifundisha. Vipande vyote nimevipata, wifi. Nikawa natafuta karatasi tupu."

Kidole chake kilikuwa juu ya maandishi yangu. *Ncha haijaonekana.*

"Hii ni Jumamosi," akasema. "Taulo tulilipokea Jumapili."

Nikaziweka zipu mezani.

"Mama alipokuuliza kama ina neno, ulimjibu nini?"

"Wifi..."

"Nakuuliza ulimjibu nini."

Angenitukana ningejua pa kushika. Alifunga daftari, akaliweka kwapani, akamwinua mwanawe. Mlangoni akasimama.

"Mama yangu alikutesa, najua. Mimi nilikukosea nini? Huyu alikukosea nini?"

Jioni ile nilimwona anapita na mama yake, amemshika mkono. Kipaza alikuwa analia kwa sauti yake ile ya zamani, mtaa mzima unasikia, na mimi nilifunga dirisha.

Mume wangu hakunifukuza. Anakula ninachopika, analala upande wake, na hajanitania tena. Daftari halikurudi. Nimeanza jingine, lina karatasi chache.

Bonge sasa ana miaka mitatu. Wiki iliyopita alipita nje na mama yake, nikashindwa kujizuia, nikamwita dirishani. Nilikuwa upande wake wa kushoto, hakusikia. Nikaita tena, kwa nguvu. Akageuka, akanikodolea macho, akamvuta mama yake sketi.

"Mama, yule nani?"

Wifi hakunitazama.

"Fundi tu," akasema. "Twende."

Nimewasimulia yote, na majina ya watu nimeyahifadhi. Ninyi mnaoshona, na ninyi mnaoishi na watu msiowapenda: mtu akikuuliza kama kuna hatari, mjibu kweli, hata kama ni adui yako na alikutoa machozi jana. Mgombane baadaye. Kwanza mtoe mtoto kwenye taulo.