Do ya Elinaza

Mume wangu Elinaza ana kichwa kigumu, na nalisema hilo nikiwa nampenda. Miaka thelathini na moja amefundisha kwaya ya mtaa wetu hapa Msangeni, na nyimbo zake zote alizifundisha kwa koo. Akishatunga, anaandika herufi za do-re-mi kwenye daftari, kisha anakuja kwaya na kuimba sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, zote yeye, mpaka tushike. Mimi ni sauti ya pili. Hivyo ndivyo tulivyopatana, na sijutii, ingawa kuna siku nimekaribia.

Mwaka juzi koo lilimvimba. Akapasuliwa, akapona, lakini daktari akamwambia kuongea ataongea, kuimba basi. Alirudi nyumbani. Daftari akalitupa juu ya kabati. Nikimwambia atunge tu, kufundisha watafundisha wengine, ananijibu, "Watafundishaje wimbo ambao mimi mwenyewe sijauimba?" Mtu niliyekuwa nakaa naye hakuwa Elinaza tena, na niliogopa.

Binti yetu Diana, anayefundisha sekondari kule Same, ndiye aliyeleta laptopu. Aliifunga kwenye kitenge, akaipakata juu ya bodaboda mpaka huku mlimani. Ndani kulikuwa na programu ya kuandika nota: unapanga vidoti kwenye mistari mitano, ukibonyeza inaimba yenyewe, sauti zote nne. "Baba, hii haihitaji koo," akamwambia. Baba mtu akaitazama kama mbuzi wa jirani aliyeingia shambani.

Alijifunza kwa kidole kimoja, miezi minne. Kahawa iliiva nikachuma peke yangu, nikilalamika kwa sauti ili asikie. Akikosea anaigombeza mashine kwa Kigweno, eti haina masikio. Lakini siku moja nilimwona akitingisha mguu chini ya meza, na tangu hapo nikaacha kulalamika. Tuseme nilipunguza.

Wimbo ulipokamilika akaubeba kwaya Jumamosi mchana, laptopu na spika ndogo. Akabonyeza. Mashine ikaanzia juu huko, sauti ya kwanza wakaifuata, na kufika kiitikio wakawa wanalia kama kuku walioona mwewe. Mzee Loth wa besi aliishia kukohoa. Watu wakacheka. Hawakuwa na ubaya, hata mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Elinaza akafunga laptopu. Njiani akasema, "Mama Diana, mrudishie mtoto kitu chake. Mimi kutunga nimemaliza."

Nilikasirika, sifichi. Tulipofika nyumbani niliifungua ile mashine mwenyewe, nikampigia Diana simu nikamweleza. Akauliza, "Baba aliweka ufunguo gani? Do aliianzishia nota ipi?" Elinaza hakuweka chochote. Aliuacha ule ule aliokuta programu imefungukia, akapanga do yake hapo. Angejuaje? Kwetu do haikuwa na makao. Do ilikuwa pale Elinaza alipofungulia mdomo, nasi tukamfuata. Hakuna aliyewahi kuuliza inaitwaje.

"Basi atoe do yake," Diana akasema, "muitafute kwenye mashine."

Elinaza akajaribu. Ikatoka pumzi tu. Akajaribu tena, kisha akainamisha kichwa.

Nikaitoa mimi. Wala sikufikiri. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya ndizi mkononi, nikaitoa ile do aliyotupa kila Jumamosi miaka yote ile. Akainua uso, akanitazama mpaka nikaona aibu. Halafu akaanza kubonyeza, akishuka nota moja moja huku nimeishikilia, ananiambia, "Usiiache, mama, usiiache," mpaka ya kwangu na ya mashine zikakutana. Diana akamwelekeza pa kugusa ili wimbo wote ushuke hapo. Ilikuwa kazi ya dakika moja, na ndizi zangu zilichelewa kuiva.

Jumapili mbili baadaye tuliuimba kanisani. Do niliitoa mimi. Mzee Loth hakukohoa, na kiitikio kilitutoka vizuri. Elinaza alikaa benchi la tatu katikati ya washarika, mikono magotini, hana la kufanya.

Tulipotoka nje nikamuuliza, haya, tumeharibu wapi? Kwa kawaida huwa na orodha, na jina langu halikosi.

"Sijui," akasema. "Miaka yote nikiongoza nilikuwa nasikiliza nani amekosea. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeusikia wimbo wangu."

Nikasema asante Mungu pale pale, kwa sauti, watu wanapita.