Nyumba ya mdogo wake iko kwenye wekundu

Jumamosi mchana, maabara ya kompyuta ya chuo imejaa, na feni inayozunguka ni moja tu. Mwanamke mwenye koti la bluu anapita kati ya viti akichomeka nyaya, akiwasha mashine zilizogoma, akiwaomba vijana wabanane ili wenzao wapate nafasi. Kisha anakaa kwenye kompyuta ya dirishani na kugeuka mwanafunzi kama wao.

Wanamwita Mama Maabara. Ndiye fundi wa chumba hiki, na kikundi cha wanaojifunza kuandika programu hukutana humu kila wiki. Zamani aliwafungulia tu mlango, akasubiri wamalize, akafunga.

"Nikachoka kukaa kama mlinzi," anasema. "Nikaona na mimi nivute kiti."

Muhula huu wanajifunza kutengeneza ramani kutokana na data: vimo vya ardhi vilivyopimwa kwa setilaiti, njia ya mto, mahali zilipo nyumba. Programu huviunganisha na kuonyesha maji yatafika wapi mto ukifurika.

Jaribio lake la kwanza liliwavunja watu mbavu. Alichanganya latitudo na longitudo, mtaa mzima ukatua katikati ya bahari.

"Mama, umetuhamisha!" alipiga kelele mwenyekiti wa kikundi, kijana wa mwaka wa tatu. Mama mwenyewe alicheka hadi machozi.

Jaribio la pili halikumchekesha mtu. Mtaa ulikaa mahali pake, na kando ya mto likatokea doa jekundu, alama ya maji yatakapofika. Ndani ya doa hilo ilikuwamo nyumba ya mdogo wake wa kike, aliyehamia humo na mumewe na watoto kabla hata plasta haijakauka vizuri.

"Nilijiambia nimekosea tena," anakumbuka. "Nilitaka niwe nimekosea."

Alirudia kazi yote. Mwenyekiti naye akairudia kwenye mashine yake. Wekundu haukusogea. Hata hivyo kijana alimweleza ukweli: vimo vya setilaiti huweza kukosea, na kosa dogo tu laweza kuitoa nyumba kwenye hatari au kuiingiza.

Usingizi ukampaa. Akinyamaza maji yakaja, atajisamehe vipi? Akisema yasije, atakuwa amewahangaisha watoto bure.

Alikwenda kusema. Mdogo wake alikuwa akianua nguo, wala hakuacha kuanua.

"Dada, hiyo kompyuta imewahi kuishi huku?"

"Haijawahi. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

"Tumejenga kwa jasho. Leo tuhame kwa sababu ya rangi?"

Aliyekata mzizi wa ubishi ni shemeji yake, ambaye ni mwashi. "Shemeji, walete vijana wako," alisema. "Mimi nitaleta mpira wangu."

Ni mpira mwembamba unaojazwa maji, ambao waashi husawazishia msingi, kwa kuwa maji hukaa usawa mmoja kwenye ncha zote mbili. Walipima hatua kwa hatua kutoka kizingitini hadi mtoni. Kizingiti kilikuwa chini kuliko ukingo wa mto; ukifurika, maji yangeingia ndani.

Shemeji aliukunja mpira. Mdogo mtu ndiye aliyeuliza, "Sasa watoto watalala wapi?"

"Kwangu. Mvua ikianza tu, nyote mje."

Lakini wekundu ule una nyumba nyingine nyingi, na mawingu yameanza kukusanyika kila alasiri. Kikundi kimekubaliana kupita mlango kwa mlango na mpira wa mwashi, na ramani isionyeshwe popote kabla wenye nyumba hawajaelezwa ana kwa ana. Si wote wanaowakaribisha. Jirani mmoja aliwafungia mlango, akisema wanatafuta sababu ya watu kufukuzwa.

Mama Maabara hamlaumu. "Hata mimi naiogopa hiyo ramani," anasema. "Ikiangukia mikono mibaya, watu watatolewa bila pa kwenda."

Anazima mashine moja moja, na anapofika dirishani anasimama, anatazama juu.

"Unajua ninachokitamani? Mvua ipite salama, maji yasifike kwa mtu, mtaa mzima unicheke. Wanicheke mpaka nizeeke."