Nyuzi Kumi na Mbili Mbele ya Kanisa Zima

Mpaka leo naona aibu kulisema jambo hili, lakini afadhali nilisimulie mwenyewe, maana hapa Bariadi likisimuliwa na wengine linatiwa chumvi, na kwa kweli halihitaji chumvi yoyote.

Mimi ni Masunga, fundi umeme kwenye kinu cha pamba, na kwa miaka tisa nimepiga gitaa la besi kwenye kwaya ya kanisa letu. Mpiga solo wetu alihamishiwa Dodoma kikazi, tukabaki mimi na Sitta wa ngoma, na nyimbo zikawa zinasikika kama zimekatwa nusu. Wakati huohuo dada yangu, ambaye ni muuguzi nje ya nchi, akanipigia akasema kwa jinsi nilivyomuuguza mama mwaka mzima anataka kunipa zawadi ya ala ya muziki, nichague ninayoitaka mwenyewe. Sasa mimi nilikuwa nimeona kwenye simu ala moja ya ajabu, ni ubao mrefu kama mkono wa gitaa usiokuwa na tumbo, unausimamisha mbele ya kifua, na huucharazi kama gitaa, unagonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, mkono wa kushoto unatoa besi na wa kulia unatoa solo. Mtu mmoja anafanya kazi ya watu wawili. Nikamwambia dada ni hiyohiyo.

Kumbe ala yenyewe haiuzwi dukani. Mtengenezaji ni mzee mmoja wa huko anayemtengenezea kila mtu ya kwake, kwa hiyo akaniletea maswali kupitia kwa dada: nataka modeli gani, nataka tyuni gani, yaani nyuzi zipangwe kwa sauti zipi, na kwa sasa napiga nini. Nikajibu napiga besi. Yule mzee akaandika kwa uungwana kabisa kwamba kwa mpiga besi anashauri modeli ya nyuzi nane, tyuni yake kama ya besi, yaani ukiwa kwenye do ukavuka kwenda uzi unaofuata unaikuta fa, na vidole vyangu havitapata tabu. Akasema ipo pia ya nyuzi kumi na mbili, lakini hiyo upande wa besi nyuzi nene zinakaa katikati ya ubao, na ukivuka kutoka do unaangukia so badala ya fa, wakati upande wa solo unabaki na do na fa yake, kwa hiyo kila mkono una ramani yake na inataka miezi mingi ya subira.

Uamuzi wenyewe niliufanya kazini, chai ikiwa bado ya moto. Niliona nane ni chache. (Gitaa la kawaida lina sita, watu wangeona nimeongeza mbili tu.) Nikajibu kumi na mbili, na pale alipouliza uzoefu nikaandika "wa kutosha".

Ala ilipofika nikafanya kosa la pili kabla hata sijaigusa vizuri. Kwaya ya Zagayu walikuwa hawana besi, nami nikasimama baada ya ibada nikawakabidhi gitaa langu mbele ya watu wote, nikasema silihitaji tena, nikapigiwa makofi. Nikaenda nyumbani, nikaijaribu ile ala mpya, na kwa muda wa saa nzima sikuweza kupiga hata wimbo wa watoto wa Jumapili. Kila wimbo ulipotaka fa, kidole changu kilivuka uzi kwa mazoea yake ya miaka tisa na kutoa so. Mke wangu, Mbuke, aliniuliza kutoka jikoni kama nimeanza kuitengeneza au bado inaharibika.

Ningekuwa na akili ningesema ukweli hapo. Lakini ilikuwa imebaki miezi miwili tu kufika ibada ya mavuno, na mwaka huo ibada ilikuwa pia ya kumuaga Mwalimu Kabula, mama aliyeiongoza kwaya yetu tangu mimi niko darasa la tatu, ambaye alikuwa anahamia Lamadi kuishi na binti yake. Alitunga wimbo wa Kisukuma wa kushukuru, wa kuagia, na alitaka binti yake aurekodi kwenye simu ili wajukuu wabaki nao. Aliponiuliza kama ala yangu itakuwa tayari, nikamwambia, "Mwalimu, hilo usiwe na wasiwasi nalo."

Nikabuni njia. Nikanunua stika za rangi, zile za kubandika kwenye madaftari, nikazibandika kwenye freti, vile vigawanyo vya chuma kwenye ubao, moja moja: kijani ni do, nyekundu ni fa, njano ni so. Nikakariri wimbo ule mmoja kwa rangi. Mazoezini ukatoka vizuri, ingawa Sitta alisema natazama chini kama mtu aliyedondosha ufunguo.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa, kwaya za wageni zilitoka Shishiyu na Mwandoya, magunia ya mahindi na mpunga yamepangwa mbele, na mimi nimesimama pembeni ya kwaya na ubao wangu umening'inia kifuani, chini umeshikwa na ndoano inayoingia kwenye mkanda wa suruali. Watu walinyoosha vidole. Nitasema ukweli, nilifurahi.

Mchungaji akaanza kuomba. Macho yamefumbwa, kanisa kimya, nami nikaona niweke vidole kwenye nafasi zake mapema. Nilichosahau ni kwamba ala ile haihitaji kucharazwa, ukiigusa tu imeshalia. Ikatoka sauti kubwa kwenye spika zote mbili, ya besi na ya solo, na Mchungaji akanyamaza, na watu wa nyuma wakadhani maombi yamekwisha wakasema amina. Mchungaji akaendelea, na watu wale wakalazimika kufumba macho upya.

Tulipoitwa kuimba, Mwalimu Kabula akanisogelea. Vumbi la wiki ile lilikuwa limemkaba koo. Akaninong'oneza, "Masunga mwanangu, tulizoea G, leo sauti yangu haifiki. Tushuke F."

Kwa mpiga ala kushusha ufunguo hivyo ni jambo dogo, unarudi freti mbili nyuma basi. Nikamwambia haina shida. Tatizo ni kwamba mimi nilirudi, stika hazikurudi. Mkono wa kulia, ambao ramani yake niliifahamu kidogo, ulishuka F kama ulivyoambiwa. Mkono wa kushoto ukafuata kijani, nyekundu na njano, ukabaki G. Kwa hiyo mtu mmoja nikawa napiga funguo mbili kwa wakati mmoja, na kwa kuwa kina mama walisimama karibu na spika ya solo na kina baba karibu na ya besi, kina mama wakaenda F na kina baba wakaenda G, wote kwa imani kubwa. Binti wa Mwalimu alikuwa mbele na simu yake, anarekodi. Kwenye ubeti wa pili nilijaribu kuusahihisha mkono wa kushoto, nikaukosesha na wa kulia.

Mwalimu Kabula akainua mkono, wimbo ukafa. Akageuka kunitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Acha, mwanangu. Tutaimba hivihivi."

Nikataka kuondoka, lakini ndoano ilikuwa imeng'ang'ania mkanda, na kila nilipoigusa ala spika zililia. Kitufe cha kupunguza sauti kiko chini ya nyuzi, kukifikia lazima upitishe mkono juu yake. Ikabidi niinue mikono yote miwili juu na kutulia hivyo. Wakaanza upya, wao na ngoma ya Sitta peke yake, na niseme ukweli, uliimbwa vizuri kuliko mazoezi yote, watu walilia. Nami kwenye ile video nipo katikati, mikono juu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mama mmoja wa Mwandoya alifikiri nimeguswa na Roho, akainua na yake.

Wiki hiyo nilikwenda Zagayu kwa pikipiki, nia yangu niombe besi irudishwe. Nikamkuta fundi baiskeli wao anaipiga, na anaipiga kunizidi. Nikasalimia, nikanywa maji, nikarudi.

Siku mbili kabla Mwalimu hajahama nikaenda kwake kuomba radhi. Nikamkuta anafunga vyombo kwenye maboksi.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu.

"Mwangaluka, mwanangu. Kaa."

Nikamweleza yote, barua ya yule mzee, nyuzi nane, nyuzi kumi na mbili, do na so, mpaka stika. Akasikiliza huku anafunga sahani kwa gazeti. Halafu akaniuliza kwa nini nilichagua ile ngumu wakati mwenye kuitengeneza alinielekeza iliyo nyepesi. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mdomo. Nikamwambia nilitaka watu wa Shishiyu na Mwandoya waulize kile ni kitu gani.

Mwalimu Kabula akaweka sahani chini.

"Basi waliuliza," akasema, akacheka mpaka akakohoa, nami nikacheka nikiwa bado nasikia uchungu.

Jioni ile nilimwandikia yule mzee kwamba uzoefu wangu haukuwa wa kutosha. Hakunilaumu. Alinitajia unene wa nyuzi za kubadilisha upande wa besi ili do ipakane na fa, dada akazituma, na sasa najifunza polepole chumbani, nikiwa nimechomoa waya wa spika. Nimejiwekea sharti, na Mbuke ndiye shahidi: chombo chochote nitakachochagua tena, nitakichagulia vidole vyangu kama vilivyo, na kwenye swali la uzoefu nitaandika "kidogo".