Mpishi Aliyeomba Redio Ipunguzwe Umri

Mambo haya sikuyasikia kwa jirani wala kwa binamu ya jirani. Yalinipata mimi, kwenye meza hii hii ninayoandikia. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi nilikuwa nawacheka watu wa hadithi kama hizi.

Kazi yangu ni kutengeneza redio za zamani hapa Muthangari, zile za Ulaya zenye valvu, yaani vichupa vya glasi vinavyowaka ndani kama balbu ndogo. Wengi huniletea ili niwaambie umri wake tu. Alasiri moja ya mvua akaja Nduku, mwalimu wa shule ya msingi, amekumbatia redio iliyofungwa kwa leso kama mtoto.

"Fundi, hii kitu ni ya mwaka gani? Niambie tu kama ni ya kabla ya Uhuru ama baada."

"Uhuru umeingiaje hapa, mwalimu?"

Akaketi, akanieleza. Marehemu baba yake alikuwa mpishi wa Wazungu huko Spring Valley. Muda mfupi kabla ya Uhuru, redio ya mwajiri ilipotea, naye akafukuzwa na jina la mwizi juu yake. Miaka kadhaa baadaye alifika nyumbani Ukambani na redio hii, akaapa ameinunua mjini ikiwa mpya, ndani ya katoni. Mkewe hakumwamini. Aliifungia kabatini, na katika nyumba ile haikuwashwa hata siku moja. Sasa mama huyo alikuwa amelazwa hospitalini Upper Hill, hali si nzuri, na ombi lake lilikuwa moja: aambiwe kama aliolewa na mwizi.

"Aki tusaidie, fundi. Hataki hata kuombewa kabla ajue."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Kutafuta umri wa redio si uganga, hata wewe unaweza. Usidanganywe na mbao, mbao hupigwa rangi upya. Kioo cha stesheni chenye majina ya miji ya Ulaya kitakuonyesha kipindi tu. Ukiona FM, jua ni ya miaka ya hamsini kuja huku. Vibonyezo vyeupe vilivyopangwa kama meno vinasaidia pia, na lile jicho la kijani, yaani taa ndogo usoni mwa redio, linalofumba ukipata stesheni. Lakini ukitaka uhakika, fungua nyuma taratibu, utazame spika. Viwanda vingi viligonga hapo muhuri mdogo wa tarehe, kwa wino.

Nduku alipoondoka nilifunga mlango kwa komeo, nikafungua redio. Vumbi lilikuwa limelala ndani kama blanketi. Nikalipuliza, nikamulika spika, na muhuri ukasomeka vizuri kabisa. Uhuru ulipofika, redio ile ilikuwa na miaka minne.

Nilisikitika. Umri peke yake haumfanyi mtu mwizi, hilo nilijua. Lakini alifika nayo nyumbani miaka baadaye, na redio ya umri huo haitoki mpya kwenye katoni.

Hapo stima ikapotea. Mtaa mzima ukawa giza. Na lile jicho la kijani likawaka.

Niamini, waya wa redio ulikuwa umelala mezani, haujachomekwa popote. Hata ungechomekwa, stima ingetoka wapi? Na valvu huchukua muda kupata moto. Hili lilifumbuka mara moja, kama jicho la mtu aliyekuwa macho siku zote.

Kwa mwanga ule nikamwona mzee amesimama upande wa pili wa meza, amevaa kanzu nyeupe ya mpishi. Alinuka vitunguu vya kukaanga.

"Habari ya jioni, fundi."

"Nzuri, mzee," nikajibu. Ndiyo, nilijibu! Adabu ilinitoka mdomoni kabla ya akili. "Umepitia wapi?"

"Wewe ni kama memsahibu wangu, yule bibi wa Kizungu," akasema. "Kila sufuria lazima uifunue." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ipunguze umri. Miaka michache tu. Nani ataumia?"

"Mzee, mimi nasoma tu. Siandiki."

"Nilitaka asikie nyimbo, akifua nguo. Basi. Yeye akaifungia. Hata taarifa ya habari sikuisikia nyumbani kwangu!" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. "Mwambie ni mpya."

Nikavuta redio upande wangu. Akanyoosha mkono, akapenya mbao kama moshi, akabonyeza dole gumba juu ya muhuri. Nilisikia mlio wa mafuta yakikutana na chuma cha moto.

Stima ikarudi. Komeo lilikuwa mahali pake. Nyuma ya spika muhuri haukuwepo, palikuwa na alama ya dole gumba, ya mafuta, ingali vuguvugu. Sasa ushahidi ulikuwa kinywani mwangu tu. Ningeweza kusema chochote, na nani angenibishia?

Kesho yake nilisimama kando ya kitanda cha yule mama, Nduku akimshika mkono. Nikasema, "Mama, redio ni ya kabla ya Uhuru. Haikununuliwa mpya."

Nduku akafunika uso. Mama yake akanigeukia.

"Alikuja na kanzu?" akauliza.

Nikashika chuma cha kitanda.

"Hapa huja kila jioni," akasema. "Huniambia, 'Sema umeniamini, sema umeniamini.' Wizi nilimsamehe zamani, fundi. Nilichokataa ni kulala na uongo mpaka kaburini. Nduku, leteni hiyo redio. Nataka kusikia nyimbo."

Alitoka hospitalini, yuko hai, na redio inaimba sebuleni kwake. Mzee haendi tena huko.

Kwangu je? Kila redio ninayoifungua tangu siku ile, itoke Westlands au mjini, nikimulika nyuma ya spika nakuta dole gumba la mafuta, vuguvugu, mahali palipokuwa na tarehe. Wateja nawaambia umri wake siujui, na ni kweli.

Kwa hiyo, rafiki yangu, ukirithi kitu cha zamani, kifute vumbi, kitumie, ukipende. Lakini kabla hujakifungua nyuma, jiulize kama yupo mtu asiyetaka kisomwe. Na ukisikia harufu ya vitunguu chumbani ambamo hakuna anayepika, usiitikie salamu.