Msumeno Kwenye Risala ya Mkunga

Mpaka leo nikikatiza mtaa ule wa Temeke lazima litokee jitu moja, na utu uzima wake wote, linipigie kelele "Msumeno!", na mie nageuka kama vile ndilo jina alilonipa baba, kwa sababu nikijifanya sijasikia ndiyo wanazidi. Basi acheni niwahadithie mwenyewe, maana huko mitaani mkasa huu unazunguka na chumvi nyingi (kuna wanaosema nilipigwa, sikupigwa, nilitaka kupiga mie), na aibu ya mtu bora aisimulie mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, kila mtu anafungua biashara kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Dada Tabu alikuwa na chumba cha kuchapa, taipureta mbili na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya bibi harusi. Yeye ndiye aliyenichukua nikiwa sina mbele wala nyuma, nimemaliza la saba, kazi yangu kugombana na watu tu, akaniambia, "Hamza, kaa hapa, badala ya kurusha ngumi rusha vidole." Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, hakuna darasa wala cheti, nilikuwa naiwasha asubuhi naichokonoa mpaka inanichukia. Kwa Dada Tabu ningeenda hata vitani. Ukimsema vibaya mbele yangu ulikuwa unatafuta kesi.

Sasa Windows ya zamani niliijua kama chumba ninacholala, gizani nafika kitandani bila kujigonga. Lile dirisha lake la kupangia mafaili lilikuwa baya la sura lakini lina nidhamu, jina la faili mwisho herufi nane, basi, hata ulie. Kwa hiyo nilikuwaga na utaratibu wangu, MKUNGA, KEKO, UPATU, neno moja tu na ukiliona unajua. Halafu akaja jamaa mmoja wa mjini, ndugu yake Dada Tabu, akatuwekea Windows mpya. Jamani! Nilikaa mbele yake kama mume aliyerudi safari akakuta mkewe amehamisha vyombo vyote. Dirisha langu halipo. Kuna mafolda ya njano kila kona, kuna kapu la taka limekaa pale mbele kabisa, unalikuta kabla hujakuta kazi (nani anaweka kapu la taka sebuleni?), kila nikitaka kitu nagonga mlango wa jirani.

Kilichoniponza ni kwamba hii mpya inakuachia uandike jina la faili refu utakavyo. Mie, na mdomo huu, uniambie niandike refu nitakavyo! Nikafuta majina yangu yote mafupi nikatia majina ya heshima: "Risala ya mafundi seremala wa Keko kwa mgeni rasmi", "Risala ya wana mtaa ya kumuaga Bibi Mkunga", "Risala ya kina mama wa upatu". Nikajiegemeza nyuma nikayatazama kama mtu anayewatazama wanawe wamevaa sare mpya. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo hivyo.

Bibi Mkunga alikuwa mama yake Dada Tabu, jina lake Bi Mwanakheri. Nusu ya mtaa ule, na mie nikiwamo, tulitokea mikononi mwake. Alikuwa anahamia Kimbiji kwenye shamba lake, anasema mji umeshamtosha, na mtaa ukaamua kumuaga. Dada Tabu alitaka jambo moja tu: mama yake awe mgeni rasmi. Maana yule bi mkubwa maisha yake yote kwenye shughuli za watu anaishia uani, hajawahi hata siku moja kukaa meza kuu. Na kwetu mnajua, mgeni rasmi lazima asomewe risala, na akishasomewa lazima aijibu hoja kwa hoja, bila hivyo hiyo si shughuli, ni watu wamekula pilau wakaondoka.

Risala aliitunga Dada Tabu mwenyewe. Yule ni mtu wa maneno machache, mbele ya watu hata asante inamkwama, kwa hiyo kila alichotaka kumwambia mama yake miaka yote alikitia mle kwa jina la mtaa. Yeye ananisomea, mie nachapa. Kuna sentensi moja akaniambia andika, halafu futa, kesho yake irudishe, halafu futa tena, mwisho ikabaki imefutwa. Nikamuuliza, "Dada, mbona nzuri?" Akasema, "Hiyo si ya mtaa. Hiyo ya kwangu." Na karatasi zake za mkono nilizichana mwenyewe, nikamwambia kwenye kompyuta hakipotei kitu. (Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na hapo ndipo nachutama.)

Siku ya shughuli printa ikagoma. Ilikuwa inaelewana na Windows ya zamani tu, hii mpya unaiamuru printa inakaa kimya kama mkwe. Sawa. Nikaburuta folda zima la risala nikalitia kwenye flopi, nikaenda Kariakoo kwenye duka la kuchapa la jamaa mmoja mwenye miwani. Kufika, kompyuta yake bado ina Windows ya zamani. Nikafurahi, nimerudi kwetu! Nikalifungua lile dirisha langu la zamani nikatazama flopi, na yale majina yangu ya heshima hayapo hata moja. Ile ya zamani haijui majina marefu, imeyakata yote, imebakiza RISALA~1, RISALA~2, RISALA~3. Mapacha watatu wamevalishwa nguo moja.

Mwenye miwani akasema kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, fungua moja moja kwanza uone ipi ni ipi."

Nyuma yangu foleni, mtaani pilau liko jikoni, na mtu akinifundisha kazi mbele ya watu mie damu inachemka. "Braza, unanifundisha kazi? Kompyuta nimeanza mie wewe unauza karanga."

"Sijakufundisha, nimesema tu."

"Basi chapa hiyo namba moja."

Akili yangu ilinituma kwamba Bibi Mkunga ndiye mkubwa wao, sasa namba moja itakuwa ya nani tena? Karatasi zikatoka, nikachungulia juu, "Ndugu Mgeni Rasmi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana", nikasema ndiyo yenyewe. Kichwa cha habari nilikuwaga sichapi, nakiandika kwa kalamu ya rangi kwenye jalada la manila, ndiyo ilikuwa staili yangu. Nikazibana ndani ya jalada la Bibi Mkunga, lenye maua ya kuchora pembeni, nikaondoka hata kuaga sijaaga.

Alasiri turubai limejaa. Bi Mwanakheri yuko meza kuu na doti mpya ya kanga, ameshika ukingo wa meza kama itamkimbia. Dada Tabu mstari wa mbele, amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Msomaji alikuwa Mzee Pazi, mjumbe wetu wa nyumba kumi, mtu ambaye sauti yake haihitaji spika lakini spika aliitaka. Dada Tabu akamwomba aipitie kwanza.

"Mwanangu," akasema, "mimi risala nazisoma tangu wewe hujaota meno."

Akaanza. "Ndugu Mgeni Rasmi!" Makofi. "Tunakushukuru kwa kukubali kuja kwetu, pamoja na majukumu mengi uliyonayo." Vigelegele, Bi Mwanakheri kainamisha kichwa. "Ndugu Mgeni Rasmi, kazi hii tuliianza katika mazingira magumu, tukiwa na randa mbili na msumeno mmoja."

Bibi mmoja pembeni yangu akamuuliza mwenzake, "Msumeno wa nini tena kwa mzazi?" Mzee Pazi mwenyewe alisita, akainua miwani, akaitazama karatasi, lakini risala haikatizwi, ndivyo alivyolelewa, akakaza sauti zaidi: "Pamoja na hayo, tumeweza kutoa kazi imara isiyoliwa na mchwa." Watoto wakaanza kucheka, wakafuata vijana, likafuata turubai zima. "Tatizo letu kubwa ni mbao mbichi, kwani nyingi ya kazi tulizotoa zimeanza kupinda."

"Jamani hiyo yetu!" Fundi Chinguile, seremala wa Keko, kasimama katikati ya watu na sahani yake mkononi. "Hiyo ya mafundi! Sie wenyewe hatujaisoma, mnatumalizia utamu!"

Kijana mmoja nyuma akadakia, "Bibi, na mie ulinipiga randa?" Nikamrukia. Ndiyo, nilimrukia, nikamkunja shati, nikamwambia nicheke mie usimcheke Dada Tabu, watu wakatutenganisha, kiti cha kukodi kikavunjika mguu, na muda wote huo Mzee Pazi anasoma! "Hivyo basi tunakuomba, Ndugu Mgeni Rasmi, utusaidie kupata msumeno wa umeme. Ni sisi watiifu wako."

Nikamtazama Dada Tabu. Hacheki, halii. Anaikunja ile ncha ya mtandio, anaikunja, anaikunja. Kesho kutwa mama yake anaondoka, na maneno yake yote yako kwenye flopi mfukoni mwangu, na hakuna binadamu anayeweza kusoma flopi kwa macho.

Nikapanda mbele nikamnyang'anya Mzee Pazi maiki. Nilijiambia risala ile nimeichapa mie, kichwani ninayo. "Ndugu Mgeni Rasmi," nikasema, na hapo hapo kichwa kikafutika chote, cheupe, hakuna kitu. Watu wananitazama, spika inapiga mluzi, jasho linaniingia machoni, natafuta hata sentensi moja, na iliyokuja ikawa moja tu, ile ya andika futa. Mdomo ukaitoa kabla sijauziba.

"Mama, nilipokuwa mdogo nilikuwa nawaonea wivu watoto wa watu, maana wao ndio uliokuwa unaamka usiku kuwafuata."

Halafu, kama vile sijaharibu vya kutosha, nikaongeza, "Hiyo si ya mtaa. Hiyo ya Dada Tabu."

Vichwa vyote vikageuka kumtazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na maiki yangu.

Bi Mwanakheri akaachia ule ukingo wa meza. "Tabu. Kweli?"

Dada Tabu akaitikia kwa kichwa.

"Njoo hapa."

Akaenda, mtu mzima na biashara yake, akapiga magoti pembeni ya kiti kama mtoto aliyeitwa kuchapwa. Bi mkubwa akanyoosha mkono akaomba maiki. Nikampa.

"Mgeni rasmi anajibu risala," akasema. "Hoja ya kwanza ni ya mwanangu. Tabu, nilikuwa nikirudi alfajiri nakukuta umelala umeikumbatia kanga yangu. Nakaa pembeni yako nakutazama, lakini sikuamshi. Nilikuwa najijua. Ningekuamsha ukanitazama, wakija kugonga tena nisingetoka." Akamwekea mkono kichwani. "Kwa hiyo na mie nilikuwa nawaonea wivu. Wale waliokuwa wamelala na watoto wao."

Mzee Pazi alivua kofia. Mie nililia, nasema wazi, nililia mbele ya watu wazima na watoto, na aliyenipa kitambaa ni yule yule niliyemkunja shati.

"Hoja ya pili," bi mkubwa akaendelea, akiikausha sauti, "kuhusu msumeno wa umeme. Suala hilo nimelisikia, nitalifikisha panapohusika." Hapo turubai likapasuka kwa kicheko, Fundi Chinguile ndiye aliyepiga makofi kuliko wote, na Dada Tabu alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, uso umelala mapajani mwa mama yake.

Msidhani nilisamehewa palepale. Dada Tabu hakunisemesha mpaka viti vya watu viliporudishwa, ndipo akanisema, na alinisema, na mie nisiyenyamazaga nikanyamaza. Siku ya kuondoka nilimbebea bi mkubwa godoro mpaka kivukoni. Kabla hajapanda pantoni akaniita kando.

"Wee mtoto, neno la mtu mwache alitoe mwenyewe."

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Ila hili ungemwachia, asingelitoa." Akajifunga kanga yake vizuri akapanda, hakugeuka.

Basi nimeapa, sichapi tena karatasi nisiyoisoma mpaka nukta ya mwisho, hata foleni ifike Ilala, na mtu akiniambia fungua kwanza uone, nafungua na asante juu. Nilitaka niuapie na mdomo wangu papo hapo, nikamwambia Dada Tabu, "Dada, na huu mdomo leo naufunga, haki ya Mungu." Alikuwa amekaa kwenye taipureta, hata hakuinua uso.

"Mdomo usiufunge kwanza," akasema.