Karatasi za Kufungia Korosho

Nilipokuwa kidato cha pili Lindi, nilisoma vitabu viwili vya mwalimu mstaafu wa Pande. Vilisimulia mji ulio chini ya bahari na msichana anayelinda lango lake. Majini humbembeleza, humtisha, humwahidi kumrudishia mama yake aliyekufa, naye hafungui. Kwa sababu ya msichana huyo nilianza kuandika.

Mwalimu alipofariki, mchapishaji wake alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Alitaka mtu anayeujua ule mji amsaidie kuamua, katika maandishi yaliyobaki, yapi yahesabiwe hadithi halali na yapi majaribio tu. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa mezani kwake mwaka mzima. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Huko Pande tulimkuta mjane wa mwalimu uani, anakaanga korosho za kuuza barabarani. Macho yake hayaoni herufi tena. Alipokea shikamoo zetu, akatuonyesha sanduku la bati chumbani. Mlikuwa na madaftari matano, safi, mistari imenyooka kama ya ubaoni. Humo lango lilikuwa bado limefungwa, na hadithi ilikatika katikati ya sentensi.

Mchapishaji alisonya. "Kitabu kisicho na mwisho nitamuuzia nani?"

Akaenda jikoni kutafuta maji, akarudi amekumbatia kikapu. Kilijaa karatasi zenye mwandiko uleule, zimelowa mafuta, nyingine zina masizi na maganda ya korosho. Tulizipanga sakafuni. Vidole vyangu vilinata. Katika kurasa hizo msichana anafungua lango, anaolewa na jini, na mdogo wake analiwa kwenye karamu ya harusi. Ilikuwa kazi mbaya, ya mtu aliyechoka, na kila ukurasa ulikuwa umekatwa kwa mstari mmoja mrefu kutoka pembe hadi pembe.

"Mwisho huu hapa," mchapishaji alisema.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. "Baba, hizo za kufungia korosho," akacheka. "Alikuwa akinisomea asubuhi nikibangua. Akiona haifai, anaitupa kikapuni, ananiambia, chukua, hii yako. Zinazofaa anaweka sandukuni."

"Mama, mwandishi hajui thamani ya anachotupa."

"Alijua. Alikuwa mwalimu."

Mchapishaji akanigeukia. "Dogo, wewe msomi. Sema."

Nilijua jibu. Lilikuwa kwenye mistari ile mirefu, na kwenye mafuta yaliyokwisha kuingia chini ya kucha zangu. Nikasema suala hilo linahitaji kutafakariwa kwa mapana.

Basi nikatafakari kwa mapana. Niliandika dibaji ya kurasa nne, nikathibitisha kwamba ule wa kikapuni ndio mwisho halali aliouacha marehemu. Ile mistari ya kukata niliiita alama za mhariri makini. Baada ya hapo riwaya yangu nayo ilitoka, ina jalada zuri. Wasomaji wa mwalimu sasa hubishana mitandaoni iwapo msichana alimpenda jini kweli, na anayekataa ule mwisho huonyeshwa dibaji yangu.

Mwaka huu nilimpelekea bibi nakala ya kitabu cha mwalimu. Aliomba nimsomee mwisho. Nilisoma mpaka karamu, sauti yangu ikiwa nyepesi kama ya mtoto anayesoma barua asiyoielewa. Mkono wake uliacha kukoroga korosho.

"Hii alinipa mimi," alisema. "Alisema akiiona tena ataugua. Nani kasema ni yake?"

"Mimi, bibi."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alichukua kitabu mapajani mwangu, akapapasa hadi mwisho, akachana ukurasa mmoja polepole kufuata mshono, akaukunja kama pembe, akaujaza korosho za moto.

"Chukua, mwanangu, ule njiani. Karatasi yenyewe ngumu, haikunjiki vizuri kama zile."

Kisha akachana wa pili, wa tatu, akazikunja na kuzijaza vilevile, akaviweka vifuko hivyo kwenye sinia kando ya barabara pamoja na vingine. Nilikaa naye hadi vikaisha. Wateja walikula, wakafuta vidole kwenye mwisho ule niliouita halali, wakatupa.